Maswali ya Wasomaji: Mchapaji wa Vifungashio Apelekewe Faili Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu tunakaanga na kufungasha kahawa ya Mlima Elgon hapa Mbale. Kijana anayetuchorea boksi letu alitutumia JPEG, nasi tukaipeleka kwa mchapaji mmoja wa Kampala. Maboksi yalipotoka, maandishi madogo yalikuwa na ukungu pembeni, rangi yetu ya chungwa ilikuwa imefifia, na mstari wa kukatia ulikuwa umechapishwa juu ya boksi kana kwamba ni pambo. Mchapaji wa pili anataka faili ya CorelDRAW (programu ya kuchorea), wa tatu anasema hapokei chochote isipokuwa PDF. Tumsikilize yupi? – Msomaji, Mbale.

JIBU: Ndugu msomaji, msikilizeni huyo wa tatu, ila kabla ya kumpelekea kazi mwulizeni anataka PDF ya aina gani, kwa sababu chini ya jina hilo moja hupita faili nzuri na mbovu.

Tuanze na JPEG, kwani huenda matatizo yenu yote matatu yalianzia hapo. Umbizo hilo lilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera, nalo hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu ya taarifa kila inapohifadhiwa upya. Herufi zikishaingia humo si herufi tena, ni vidoto, na ndiyo maana maandishi madogo yalifanya ukungu. Mstari wa kukatia nao ulibanwa pamoja na mchoro katika tabaka moja, hivyo mtambo haukuwa na njia ya kuutenga. Kuhusu chungwa, yaelekea kazi ilichorwa kwa RGB, yaani rangi za mwanga wa skrini, na chungwa kali la skrini halifikiwi na wino nne za kawaida za CMYK (samawati, majenta, manjano na nyeusi). Kama rangi hiyo ndiyo utambulisho wa kahawa yenu, lipieni wino maalumu uliochanganywa tayari, kwa mfano wa orodha ya Pantone (orodha ya rangi zenye namba maalumu), na utajwe kwa jina lake ndani ya faili.

Wapo mafundi ambao, wakiambiwa walete PDF, huichukua JPEG ile ile wakaifungia ndani ya PDF. Hapo hakuna kilichobadilika isipokuwa jina la mwisho wa faili. Njia rahisi ya kuwakamata ni kuifungua PDF kwenye kompyuta na kukuza herufi moja hadi ijaze skrini: ikibaki na ukingo mkali, imehifadhiwa kama mchoro wa vekta, yaani mistari iliyoelezwa kwa hesabu badala ya vidoto; ikitoa ngazi za vidoto, mrudishieni.

Anayetaka faili ya CorelDRAW si kwamba hajui kazi. Anataka nafasi ya kurekebisha mwenyewe. Hatari ni kwamba fonti isiyokuwapo kwenye kompyuta yake hubadilishwa na nyingine, na toleo la zamani la programu hiyo halifungui faili ya toleo jipya. Mkilazimika kumpa, mchoraji atengeneze nakala ambayo maandishi yote yamegeuzwa kuwa maumbo, na faili ya asili ibaki kwenu. Naongeza kwamba faili hiyo ya asili mwidai tangu siku ya kukubaliana malipo, vinginevyo kubadilisha hata uzito wa pakiti kutawarudisha kwa mchoraji yule yule.

Kwa uchapishaji, PDF iliyo salama ni ya kundi la PDF/X, lililowekewa kiwango cha kimataifa cha ISO 15930. PDF/X-1a, iliyotoka mwaka 2001, hukubali CMYK na wino maalumu tu, hubeba fonti zote ndani yake, na hairuhusu vivuli wala sehemu zenye uangavu (zinazoonyesha kilicho chini yake) ambazo bado hazijayeyushwa katika mchoro. PDF/X-4, ya mwaka 2008, huruhusu uangavu na matabaka. Mimi ningechagua X-4 kwa vifungashio, lakini mchapaji mwenye mitambo ya zamani akiomba X-1a, mpeni hiyo bila ubishi.

Umbizo zuri halitaokoa mstari wa kukatia uliochorwa vibaya. Ombeni kwanza kiolezo cha boksi kwa mchapaji, kwa kuwa kisu ni chake na vipimo vya mikunjo hutegemea unene wa karatasi yake. Mstari huo ukae katika tabaka lake, upewe rangi maalumu yenye jina, tuseme «Kisu», na uwekwe uchapike juu ya rangi nyingine bila kuzitoboa. Basi mchapaji ataizima rangi hiyo moja kabla ya kutengeneza mabamba. Mchoro uvuke mstari wa kukata kwa milimita 3 hivi, na sehemu ya kupakia gundi iachwe bila wino wala vanishi.

Picha za mashamba ziwe na pikseli 300 kwa inchi katika ukubwa zitakaochapwa. Barkodi ya EAN-13, ile ya mistari yenye tarakimu 13 inayosomwa dukani, iwe ya vekta, kwa wino mweusi peke yake. Upana wake wa kawaida, pamoja na nafasi tupu za pembeni, ni milimita 37.29, na haipunguzwi chini ya asilimia 80. Kama mmeidhinishwa kutumia alama ya ubora ya UNBS (shirika la viwango la Uganda), ombeni faili yake halisi badala ya kuinakili kutoka kwenye intaneti.

SWALI: Je, kwa mfuko wa plastiki unaong'aa kama fedha, faili hiyo hiyo inatosha? – Msomaji, Jinja.

JIBU: Haitoshi, ndugu yangu. Kwenye karatasi, nyeupe ni karatasi yenyewe. Kwenye mfuko wako, mahali pasipo na wino pataonyesha fedha. Kwa hiyo wino mweupe lazima uwe rangi maalumu inayojitegemea, na mchoraji aipe rangi ya kuonekana kwenye skrini, hata waridi, ili asiisahau. Kazi ya kupishanisha rangi kidogo mipakani mwachie mchapaji, maana ndiye ajuaye mtambo wake unayumba kiasi gani. Na ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati, kwani ikitumwa kama picha hubanwa na kurudi kuwa JPEG.