Siku shemeji aliponinyamazisha

Mmeuliza wiki hii: ni hoja gani ya mtu wa chama kingine iliyowahi kukuacha huna la kujibu? Yangu naikumbuka hata saa. Ilikuwa mwaka 2019, saa moja asubuhi, na aliyenitwanga nayo ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, huku akitafuna chapati yangu mwenyewe.

Nina kibanda cha chakula Miritini, Mombasa, ubavuni mwa yadi ya makontena. Maharagwe, chapati, viazi, chai ya maziwa. Wateja wangu ni madereva wa trela na taniboi wao, watu wa pancha, na makarani wa mawakala wa forodha. Shemeji ni mmoja wa makarani hao. Mimi ni mtu wa Chungwa, yaani ODM, chama cha Raila, hilo halina siri. Yeye alikuwa Jubilee, chama cha Rais Uhuru, na Ruto, naibu wake, alipohamia UDA, chama chenye alama ya wilbaro, naye akaifuata wilbaro.

Mwaka 2017 tulikosana kabisa. Mwezi wa tatu polisi walimzuia gavana wetu, Joho, asifike kwenye uzinduzi wa feri ya Mtongwe alipokuwa Rais Uhuru. Nikasema mtu tuliyemchagua sisi amegeuzwa mgeni kwao. Shemeji akajibu mwenye shughuli ndiye anayealika. Mei 31 SGR, reli mpya ya kwenda Nairobi, ikazinduliwa hapa hapa Miritini. Yeye kavaa fulana nyekundu, mimi redio sikuigusa. Kisha kura ya urais ya Agosti, Mahakama ya Juu ikaifuta Septemba 1, ikarudiwa Oktoba 26, sisi tukasusia. Shemeji akakata mguu kibandani. Kwenye daftari la madeni ukurasa wake ukabaki na shilingi 340.

Machi 9, 2018, Uhuru na Raila wakapeana mikono mbele ya Harambee House. Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi namwona huyo, anachungulia. "Shemeji, wakubwa wamepatana, sisi twanuniana kwa mshahara wa nani?" Nikamwambia wakubwa hawakudaiana maharagwe. Akalipa.

Sasa ndiyo 2019. Mwezi wa nane likatoka agizo kwamba mizigo yote ya bara ipande reli mpaka Embakasi, Nairobi, na ushuru wake ushughulikiwe huko. Sababu ilikuwepo, na shemeji ndiye aliyenieleza kwa subira. SGR ilijengwa kwa mkopo wa China, na bandari iliwekwa kwenye mkataba wa kuipelekea reli kiasi fulani cha mizigo; kikipungua, pengo linalipwa na bandari. Treni tupu inakula pesa. Lakini kontena likishapanda treni, dereva halali Miritini, gurudumu halipati pancha, na hakuna anayeagiza chapati mbili na maharagwe. Nilikuwa nikichemsha kilo sita kwa siku. Nikashuka hadi mbili, na nyingine zikilala. Ofisi za mawakala zikaanza kufungwa, makarani wakiambiwa kazi sasa iko Nairobi. Agizo lilisitishwa, lakini barabarani trela sikuziona zikirudi. Mjini watu wakawa wanaandamana, Jumatatu kwa Jumatatu.

Jumatatu moja shemeji alipita kunywa chai, bango la kadibodi kalifumbata kwapani. Nikaanza wimbo wangu: Nairobi yatunyonya, Nairobi haitutaki. Akaniacha nimalize beti zote.

"Shemeji," akasema, "mimi naenda kuandamana dhidi ya serikali niliyoipigia kura. Wewe uliyeipinga miaka yote uko hapa wakoroga sufuria, kwa sababu tangu waliposhikana mikono hakuna aliyekwambia utoke. Mpinzani hapa ni nani?"

Nilikoroga maharagwe ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

Sisemi viongozi wangu wote walilala. Wapo wabunge wa Pwani walioingia barabarani. Nasema mimi. Uchungu nilikuwa nao, na Mombasa ni ile ile niliyoililia 2017. Nilichokuwa nangoja ni ishara, kama mtoto wa madrasa asiyefungua juzuu mpaka mwalimu akohoe. Jumatatu iliyofuata nilifunga kibanda nikaenda. Jua lilinichoma na kiatu kikakatika kamba, lakini nilienda. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikasema agizo lile lilikiuka Katiba, kwa kuwa, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa.

Msidhani nilibaki chini. Septemba 13, 2022, Ruto akiapishwa Kasarani alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Shemeji akaja na kreti ya soda, kibanda kizima kinywe. Nikamngoja ashike yake, ndipo nikamwuliza: agizo lile la 2019 lilipotoka, naibu wa rais alikuwa nani? Soda ikaisha gesi mkononi mwake.

Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumegombana kwa jambo lingine, na hili naliona zito kuliko reli. Kura ya ugavana Mombasa iliahirishwa hadi Agosti 29 kwa sababu karatasi zilichanganywa, kwa hiyo tulipanga foleni tukijua Ruto ameshatangazwa mshindi wa urais. Yeye: chagueni gavana atakayeingia Ikulu bila kubisha hodi. Mimi: Katiba, kifungu cha 203, inazipa kaunti si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, hiyo ni haki, si posho ya chama. Abdulswamad wa Chungwa akashinda. Lakini nikiwa mkweli, asilimia 15 ni sakafu tu. Kinachozidi hapo ni mvutano. Mwaka 2024 kaunti zilikuwa zimetengewa bilioni 400. Mswada wa Fedha ulipoondolewa zikashushwa hadi 380, na mwisho wakakubaliana 387. Magavana wa vyama vyote walilia pamoja. Siku hiyo mimi na shemeji tulikuwa upande mmoja, na hatukujua la kufanya na mikono yetu.

Na feri je? Jedwali la Nne la Katiba linataja feri kuwa kazi ya kaunti, lakini Likoni tunavushwa na shirika la serikali ya kitaifa. Hoja hiyo nimeisikia kwa watu wa rangi zote, na anayeisema kwa sauti huwa ni yule ambaye wakati huo watu wake hawamo Nairobi. Akishapata kiti, anavuka kwa helikopta.

Joho mwenyewe aliapishwa kuwa waziri wa Ruto Agosti 2024. Machi 7, 2025, Raila na Ruto wakatia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja. Keshoye shemeji akaketi kwenye benchi, akaagiza viazi na chapati tatu, akala, akajifuta.

"Shemeji, sasa sisi ni kitu kimoja. Hiyo andikia serikali jumuishi."

Ukurasa wake ulikuwa na 410. Nikaongeza ya siku hiyo, chini ya jina lake, nikamsomea jumla kwa sauti.