Maswali ya Wakulima: Majani Tele, Maganda ya Kuhesabu

Nalima ekari moja ya maharage Mbozi. Msimu uliopita nilitia samadi mbichi ya ng'ombe, na wakati wa palizi nikaongeza mfuko mzima wa urea. Majani yalinawiri, maganda hakuna. Nimekosea wapi?

Kwenye urea. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na maharage hujipatia sehemu ya naitrojeni yenyewe kupitia vinundu vya mizizini, wanamoishi bakteria wanaoinasa hewani. Ukiimwaga kwa wingi, vinundu vinazembea, mmea unaendelea kuota majani na maua yanachelewa. Njaa kubwa ya maharage ni ya fosforasi, na urea haina hata chembe yake.

Samadi mbichi nayo ina lawama zake: joto na amonia huunguza mbegu, na magugu huja bure. Irundike kivulini, ifunike kwa nyasi au majani ya migomba, igeuze kila baada ya wiki tatu. Baada ya miezi mitatu hivi huwa nyeusi, inapukutika mkononi na hainuki kinyesi. Ikiachwa wazi juani na mvuani, naitrojeni hupotea na unabaki kubeba nyuzi tu.

Kwa ekari, tani mbili za samadi iliyoiva (debe 170 hadi 200) na nusu mfuko (kilo 25) wa DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi na naitrojeni, ni mwanzo mzuri. Msitawanye shambani kote; wekeni kwenye mfereji. Chimbeni mifereji ya kina cha sentimita 10, kila mmoja sentimita 50 kutoka kwa mwenzake. Kila mita moja tieni kopo la nusu lita la samadi, kisha DAP nusu kisoda au zaidi kidogo. Changanyeni na udongo, fukieni sentimita mbili au tatu, ndipo mdondoshe mbegu mbili kila sentimita 20. Tabaka hilo la udongo si la kuruka: DAP ikigusa mbegu, chumvi yake huiunguza, na mtasingizia mbegu mbovu.

Kwa nini vyote viwili? Kwenye udongo mwekundu wenye tindikali, fosforasi ya dukani hukamatwa na chuma na aluminiamu kabla mizizi haijaifikia. Samadi hupunguza ukamataji huo, hutunza unyevu na huongeza potasiamu, ambayo DAP haina.

Naweza kuchanganya na majivu ya jikoni?

Si pamoja. Majivu yana potasiamu na hupunguza tindikali, lakini yakikutana na samadi au DAP hufukuza naitrojeni kama amonia, utaisikia puani. Yatawanye wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Samadi ya kuku ni kali: tia nusu ya kipimo cha ya ng'ombe. Ya mbuzi iponde kwanza, vidonge vyake huoza polepole.

Wiki ya tatu baada ya kuota, majani yamegeuka njano. Niongeze mbolea?

Usikimbilie dukani. Chimbua mche kwa jembe pamoja na udongo wake, usiung'oe, maana vinundu hubaki chini. Kipasue kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu-waridi kama nyama mbichi, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, au vinundu havipo na njano imeanzia majani ya chini, weka urea kilo 10 hadi 15 kwa ekari, sentimita tano kando ya mstari, udongo ukiwa na unyevu, kisha fukia.

Halafu tazama shina hapo linapoingia ardhini. Likiwa limevimba na kupasuka, na ndani mna vifuko vidogo vya kahawia, huyo ni nzi wa maharage. Mbolea haimtoi. Pandishia udongo shinani ili mche uote mizizi mipya, na msimu ujao panda mapema, mbegu ikiwa imepakwa dawa.