Ngũgĩ na binti wa kumi

Umeuliza kama Ngũgĩ wa Thiong'o, yule mwandishi wetu Mkenya, aliandika siasa tu na mambo ya kiroho hakuyagusa. Aliyagusa sana bana, tafuta kitabu chake Kenda Mũiyũru, ilitoka kwa Kigĩkũyũ 2018 halafu akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza 2020 kama The Perfect Nine. Ni utenzi, amechukua ile hadithi ya Gĩkũyũ na Mũmbi, baba na mama wa kwanza wa Wakikuyu, na mabinti zao, wachumba 99 wanakuja mbio, lakini hapa wasichana ndio wanachagua, si kutolewa tu kama mbuzi wa mahari. Na yule wa kumi, Warigia, miguu yake haitembei lakini kwa upinde na mshale hakuna wa kumchezea, na safari nzima ya kupigana na mazimwi inaanza kwa ajili ya kumtafutia dawa yeye. Mimi hapo ndio huwa naguswa kabisa. Halafu Mungu anaitwa kwa majina mengi, Ngai, Mulungu, Unkulunkulu, Nyasai, na ni huyo huyo mmoja, sasa pima hiyo na vile sisi Kenya tumegawanywa kwa kabila kila uchaguzi ukifika.