Homa ya ini B na mtoto aliye tumboni

Pole mdogo wangu wa Mbagala. Mimba ya wiki 30, kipimo kimesoma una homa ya ini B, na mama mkwe ameshasema usinyonyeshe. Nyonyesha. Maziwa si njia ya kumwambukiza mtoto; ila chuchu ikichanika ikatoa damu, pumzisha titi hilo mpaka lipone.

Hatari kubwa iko siku ya kujifungua, kwa damu na majimaji. Mtoto akiambukizwa hapo, takriban 9 kati ya 10 hubaki na virusi maisha yote. Kwa hiyo anatakiwa kuchomwa chanjo ya homa ya ini B ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Usichanganye na ile penta, chanjo ya magonjwa matano ikiwemo homa ya ini B, ya wiki ya 6, 10 na 14: hiyo anapata pia, lakini wiki ya 6 umeshachelewa. Uliza sasa hivi kama utakapojifungulia wanayo, usisubiri uchungu ukukute kwenye foleni ya Kilwa Road. Ikipatikana na sindano ya immunoglobulini, yaani kinga iliyo tayari dhidi ya virusi hivi, mtoto achomwe zote mbili, mapaja tofauti.

Muulize daktari pia kuhusu tenofovir, dawa ya kupunguza virusi. Wenye virusi vingi huanzishwa kuanzia miezi ya kati ya mimba, kwa hiyo wewe wa wiki 30 usikawie. Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2024 linaruhusu upewe hata kama kipimo cha wingi wa virusi hakipo.

Kujifungua kwa upasuaji kwa sababu ya hii tu? Hapana. Na baba mtoto akapime.