Aota Yangu Imetanuka: Uliza Namba, Kisha Uliza Imepimwaje

Sikwenda hospitali kwa ajili ya aota. Nilikwenda na kikohozi kilichogoma kuisha, nikapigwa picha ya CT ya kifua, mapafu yakaonekana safi. Chini kabisa ya ripoti kulikuwa na mstari mmoja: aota inayopanda, sentimita 4.6. "Hii tutaiangalia tena baada ya miezi sita," akasema daktari, mkono wake ukiwa tayari kwenye faili la mgonjwa mwingine. Nikatoka na furaha ya mapafu mazima, pamoja na namba ambayo sikujua ni ya kitu gani.

Makala haya namwandikia mtu aliyetoka kwenye mlango kama ule. Mimi si daktari. Ni mgonjwa tu: miaka minne ya kusubiri, kisha upasuaji, kisha kuanza upya. Yatumie kukusanyia maswali ya kumpelekea daktari wako.

Tuanze na chenyewe. Aota ndiyo mshipa mkubwa kuliko yote ya damu mwilini. Huanzia upande wa kushoto wa moyo, hupanda kuelekea shingoni, hupinda kama kishikio cha bakora, kisha hushuka kando ya uti wa mgongo mpaka usawa wa kitovu, ambako hugawanyika matawi mawili yanayokwenda miguuni. Kila tone la damu linalolisha ubongo, figo au utumbo limepitia humo. Ukuta wake una matabaka matatu, na la kati ndilo lenye nyuzi zinazouwezesha kuvutika na kurudi. Moyo hupiga karibu mara 100,000 kwa siku, na kila pigo huusukuma ukuta huo.

Nyuzi zikichoka, mambo mawili huweza kutokea, na wengi wetu huyachanganya. La kwanza ni kutanuka, ambako madaktari hukuita aneurizimu. Sehemu ya mshipa inavimba polepole, kwa miaka, bila kelele. La pili ni kuchanika kwa ndani: tabaka la ndani linapata ufa, damu inajipenyeza katikati ya matabaka na kuyabandua, kama maji yanavyoingia nyuma ya rangi ya ukuta. Hilo hutokea ghafla na ni dharura. Mshipa uliotanuka una hatari kubwa zaidi ya kuchanika au kupasuka, lakini mtu anaweza kuchanika aota bila kuwahi kuambiwa kuwa imetanuka.

Kwa nini ukubwa unatisha hivyo? Mtu yeyote aliyewahi kupuliza puto anajua: pumzi ya kwanza ndiyo ngumu, lakini puto likishafunguka linajiendea lenyewe. Kadiri mshipa unavyopanuka, ndivyo ukuta wake unavyobeba mvuto mkubwa zaidi hata kama presha haijaongezeka. Ndiyo maana wanahesabu milimita.

Chanzo hutegemea mahali. Aota ya tumboni hutanuka zaidi kwa wanaume wenye umri mkubwa, na sigara ndiyo mshitakiwa namba moja. Ya kifuani mara nyingi hufuata presha ya muda mrefu au urithi: ugonjwa wa Marfan, ambao wengi wenye nao ni warefu, wembamba, wenye vidole virefu, ugonjwa wa Loeys-Dietz, au vali ya aota (mlango unaopitisha damu kutoka moyoni kuingia aota) yenye vipande viwili badala ya vitatu, ambayo mtu mmoja au wawili kati ya 100 huzaliwa nayo. Mimi ni wa kundi hilo la mwisho. Niliishi na vali hiyo miaka 47 bila kujua.

Sasa namba. Aota ya tumboni kwa kawaida ina upana wa takriban sentimita 2. Ikifika 3 huitwa aneurizimu. Upasuaji wa kawaida, usio wa dharura, huanza kuzungumzwa ikifika 5.5 kwa wanaume na 5.0 kwa wanawake. Kwa aota inayopanda kifuani, 5.5 ndiyo namba utakayoisikia sana, ila mwenye Marfan huweza kupangiwa mapema, kwenye 5.0 au chini ya hapo, na mtu mfupi huhesabiwa kwa kulinganisha na kimo chake. Kasi nayo ina uzito: nusu sentimita ndani ya mwaka mmoja humfanya daktari aitishe kikao hata kama bado hujafika kwenye mstari.

Lakini kabla hujalia kwa sababu ya namba, uliza imepimwaje. Hapa ndipo nilipoumizwa, si na ugonjwa, bali na karatasi. Mwaka wa pili nilipimwa mahali pengine kwa mashine nyingine, ripoti ikasema 5.1. Nusu sentimita! Sikulala wiki mbili. Niliandika wosia. Hatimaye daktari bingwa alifungua picha zote mbili kwenye kioo kimoja, akapima upya mbele yangu: 4.7. Aliyepima awali alikuwa amekata mshipa mshazari. Chukua mwanzi, ukate kwa kukingamisha kisu, kisha ukate kwa kukiinamisha. Uso wa kipande cha pili ni mrefu zaidi, na mwanzi ni uleule. Zaidi ya hapo, aota iliyo karibu na moyo hutikisika, kwa hiyo picha ambayo haikupigwa kwa kufuatana na mapigo ya moyo huweza kutoka na kingo zenye ukungu. Na ultrasaundi ya moyo haipimi sawasawa na CT.

Kwa hiyo, ushauri wangu wa kwanza kuliko wote: omba picha zenyewe, usiridhike na ripoti pekee. Zihifadhi. Ukiweza, pimwa mahali palepale, kwa aina ileile ya kipimo, na uombe picha mpya ilinganishwe na ya kwanza kabisa, si ya mwaka jana tu, kwa sababu mabadiliko ya milimita moja kila mara huweza kumezwa na makosa ya kupima. Mimi nina karatasi moja yenye safu nne: tarehe, kipimo, sehemu ya mshipa, namba. Imenisaidia kuliko dawa yoyote ya usingizi.

Kusubiri ni matibabu. Nilichelewa kulielewa hilo, nilidhani wananiacha. Upasuaji wenyewe una hatari zake, na mpaka namba ifike mahali fulani, hatari ya kukatwa ni kubwa kuliko ya kukaa nao. Kazi yako katika kipindi hicho ni presha. Nunua mashine ya kupimia nyumbani, keti dakika tano, miguu chini, pima asubuhi na jioni, andika. Wengi hulengwa wawe chini ya 130/80. Mimi nilipewa dawa ya kundi la vizuizi vya beta, inayopunguza presha na nguvu ya kila pigo. Ilinipa uchovu na vidole vya baridi miezi ya mwanzo, nikatamani kuitupa. Usiiache ghafla, moyo huweza kuruka kwa hasira. Ongea na madaktari wapunguze dozi au wabadilishe. Sigara, hakuna mjadala. Kokeini na vichangamshi vya aina hiyo huweza kupandisha presha mpaka aota ichanike.

Antibayotiki nazo. Ukiandikiwa siprofloksasini, levofloksasini au ndugu zao, mwambie daktari una aota iliyotanuka. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba kundi hilo huweza kuongeza hatari ya aota kuchanika au kupasuka kwa watu kama sisi, na kwamba lisitumike kwetu ila pale ambapo hakuna njia nyingine. Daktari wa meno au wa njia ya mkojo si lazima alikumbuke hilo. Wewe kumbuka.

Mazoezi? Tembea, endesha baiskeli taratibu, ogelea. Kinachokatazwa ni kunyanyua kizito huku umebana pumzi, maana sekunde hizo presha hupaa. Na lile swali ambalo kila mtu analo na hakuna anayeuliza, nililiuliza. Daktari akacheka: "Ukipanda ngazi ghorofa mbili bila shida, endelea na ndoa yako."

Aya inayofuata mpe na mwenzako aisome. Maumivu makali ya ghafla kifuani, mgongoni katikati ya mabega, au tumboni, ambayo huwa makali tangu dakika ya kwanza na huweza kuhama, ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo kuzimia, mguu au mkono kufa ganzi ghafla, au kupooza kunakoambatana na maumivu hayo. Aota inayopanda ikichanika, kila saa inayopita bila upasuaji huongeza uwezekano wa kifo kwa asilimia moja hadi mbili katika siku mbili za mwanzo. Na mlangoni sema hivi: "Nina aota iliyotanuka." Maumivu hayo hufanana na shambulio la moyo, na dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, zinazoweza kumwokoa mwenye shambulio la moyo, huweza kumuua mwenye aota iliyochanika. Hata wakubwa wamejichanganya: Michael DeBakey, daktari wa Marekani aliyekuwa miongoni mwa walioasisi upasuaji huu, alichanika aota tarehe 31 Desemba 2005 akiwa na miaka 97, na mwanzoni alidhani ni moyo. Alipasuliwa Februari 2006 kwa njia aliyoshiriki kuibuni, akaishi hadi 2008.

Mwaka wa nne karatasi yangu ilisoma 5.5, imepimwa mara mbili. Nikapangiwa tarehe.

Kwa aota ya tumboni, na nyingi za kifuani zinazoshuka, siku hizi madaktari huweza kupitia kwenye mshipa wa kinena: bomba la kitambaa lenye fremu ya waya huingizwa likiwa limekunjwa, kisha hufunguliwa ndani ya uvimbe. Daktari wa upasuaji Juan Parodi alilifanya hilo tumboni kwa mara ya kwanza Buenos Aires mwaka 1990. Unatoka hospitali baada ya siku chache, lakini unabaki mtu wa kupigwa picha maisha yote, kwa sababu damu huweza kuvuja pembeni ya bomba na kuendelea kuujaza uvimbe. Wanaokuambia njia hiyo ni rahisi husahau kutaja sehemu hiyo ya pili.

Yangu ilikuwa inayopanda, kwa hiyo ni kifua kufunguliwa. Mfupa wa katikati unakatwa, mashine inashika kazi ya moyo na mapafu, mwili unapoozwa, kipande kibovu kinaondolewa na bomba la kitambaa cha Dacron, nyuzi zilezile za polyester za nguo, linashonwa mahali pake. DeBakey alishona mabomba yake ya kwanza kwa cherehani ya mkewe. Vali yangu ilikuwa bado inafunga vizuri, ikaachwa. Kama yako inabadilishwa, keti na daktari mapema: vali ya chuma hudumu lakini inadai warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yote, ya tishu ya mnyama haidai hivyo, ila huchakaa na huenda ukarudi mezani.

Niliamka na mrija kooni, siwezi kusema, nikisikia jina langu likiitwa kwa mbali. Niliambiwa mapema kuhusu mrija, kwa hiyo sikupigana nao. Mwulize daktari wa usingizi akueleze saa hiyo ya kuamka, neno kwa neno. Nyumbani nilikumbatia mto kila nilipokohoa, nililala chali, sikunyanyua hata ndoo kwa takriban miezi mitatu. Nisiloambiwa ni machozi. Wiki ya tatu nilikuwa nalia bila sababu, nasahau majina, nachukia kelele. Nikadhani wameniharibu kichwa. Muuguzi wa kliniki aliposikia alishangaa kwamba hakuna aliyenionya. Huwapata wengi baada ya upasuaji wa moyo, na kwa walio wengi hupita. Kwangu ilichukua miezi miwili. Ukiona haipiti, sema.

Jambo la mwisho ni ndugu zako. Mwenye aota ya kifuani iliyotanuka, wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja wanashauriwa wapimwe. Mdogo wangu nilimbembeleza mwaka mzima. "Kaka, mimi siumwi popote," alikuwa akijibu, nami nikawa namwambia hata mimi sikuumwa popote. Alikubali baada ya kuona kovu langu. Vali yake ina vipande viwili. Aota yake ni 4.1.

Sasa ana karatasi yake yenye safu nne. Kila asubuhi hunitumia presha yake kabla hata ya salamu. Leo ilikuwa 121/76, nami nilikuwa bado nimelala.