Alaska: 1867 au 1959?

Umeuliza Alaska ilijiunga na Marekani mwaka gani, na naona watu wanabishana bure, maana miaka yote miwili ina sababu. 1867 ilinunuliwa kutoka Urusi kwa dola milioni 7.2. Kuwa jimbo kamili, la 49, ni 3 Januari 1959.

Makabidhiano yalifanyika Sitka, mji wa Alaska, 18 Oktoba 1867. Bendera ya Urusi ikanasa kwenye mlingoti, ikabidi askari apandishwe kuinasua. Kalenda nayo ikabadilishwa, kutoka ya Urusi kwenda ya Marekani, Ijumaa ikafuatwa na Ijumaa nyingine (hebu fikiria!). Kama unaandaa orodha ya matukio ya Alaska, tia pia tetemeko la 27 Machi 1964, kipimo 9.2, na kugunduliwa kwa mafuta huko Prudhoe Bay, 1968.