Barua kwa mwanangu: kaka yako na vita nisivyovikubali

Mwembetanga, Unguja
Mwezi 16 Ramadhani 1446 (Machi 2025)

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho baada ya tarawehe, nyumba ilipotulia. Unasema kazini kwenu huko Dar mliongea habari za Kongo, ukataja kwamba kaka yako yuko huko na kwamba mama yako tangu mwanzo hakuona sawa askari wetu kupelekwa. Mwenzako akakujibu kuwa mwenye mtu vitani hufunga mdomo mpaka mtu wake arudi, na anayevipinga vita anamtemea mate askari. Ndipo ukaniuliza: "Mama, tunaweza kweli kusimama na kaka huku tunasema asingepelekwa? Au tunajidanganya?"

Hatujidanganyi. Lakini nataka nikueleze kwa nini, na itanibidi nianze mbali kidogo.

Nianze na mjomba wako, ambaye wewe unamjua kwa ile picha ya ukumbini tu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, wakalivunja daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere akazungumza na taifa: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Nilikuwa skuli, darasa la tano, na maneno yale tuliyaimba uwanjani wakati wa mapumziko. Sikumbuki mtu hata mmoja mtaani kwetu aliyevitilia shaka vita vile. Tulivamiwa. Hata leo nikivipima naona vilikuwa vya haki, ingawa kwenye mkutano wa marais wa Afrika kule Monrovia, Julai 1979, wapo waliomlaumu Mwalimu kwa kutoishia mpakani. Mjomba wako alikuwa miongoni mwa waliovuka. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na aliporudi kwetu tulimpokea kwa vigelegele toka bandarini mpaka mlangoni. Bibi yako alichinja.

Furaha ile ilidumu mwezi, labda mwezi na nusu.

Mjomba hakuwa analala. Usiku alikuwa akitoka akizunguka uwanja wa nyumba, akikagua milango ya watu. Mlango ukibamizwa na upepo, yeye yuko chini ya kitanda. Watu wakasema kapata shetani huko bara, akapelekwa shamba kwa mganga, akafukizwa, akarudi vile vile. Sikio moja lilikuwa halisikii tena. Faili la haki zake lilihangaika ofisi moja hadi nyingine miaka, na kila alipokwenda kuuliza aliambiwa aje wiki ijayo. Mtaa ule ule uliompigia vigelegele ukaanza kumwita "Kampala" kwa mzaha, mpaka watoto wadogo. Na mimi, dada yake, niliyemfulia nguo na kumpikia, sikuwahi kumuuliza hata siku moja: kaka, uliona nini kule? Niliogopa jibu. Alikufa mwaka 1996 na sijamuuliza. Jambo hili linaniuma mpaka leo, na ukitaka kujua ninautoa wapi msimamo wangu, nautoa hapo.

Maana watu wote wale waliviunga mkono vita. Mjomba wako hawakumuunga mkono. Kushangilia vita ni rahisi, ni kazi ya koo tu. Kumbeba mtu aliyetoka vitani ni kazi ya miaka, na walioshangilia sana ndio niliowaona wakichoka mapema.

Sasa nikupe upande wa pili. Unamkumbuka jirani yetu wa Kingazija uliyekuwa ukimwita Koko, ambaye ukimkimbilia nikikugombeza? Koko alikuwa na watoto wa dada yake kisiwa cha Nzwani, kile ambacho Wafaransa wanakiita Anjouan. Machi 2008, Umoja wa Afrika ulipoamua kumng'oa Mohamed Bacar aliyekatalia madaraka kule, Tanzania na Sudan zilitoa askari wa kwenda kusaidiana na jeshi la Komoro. Koko hakukubali. Alisema wazi, barazani na msibani, kwamba ugomvi wa ndugu hausuluhishwi kwa mizinga na kwamba jamaa zake wa Mutsamudu watakufa bure. Na nyumba ya nne kutoka kwake palikuwa na mama ambaye mwanawe alikuwa mmoja wa askari waliokwenda.

Tarehe 25 Machi redio ikatangaza kuwa askari wameshatua Nzwani. Kabla ya saa nne nilimwona Koko amejitanda buibui lake, kabeba sinia la mkate wa kumimina na birika, anakwenda nyumba ile. Alikaa huko mpaka Magharibi. Nilimuuliza baadaye, nikidhani nitasikia jambo kubwa. Akanitazama kama niliyeuliza swali la kitoto, akasema yule mama hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri.

Mapigano yalikwisha upesi, Bacar akakimbilia Mayotte. Koko hakubadilisha maneno yake kuhusu kupelekwa kwa jeshi. Wala hakuacha kwenda kwa jirani yake.

Turudi Kongo. Mwenzako asidhani nasema kwa kukosa uchungu. Desemba 2017 kambi ya askari wetu ya Semuliki, upande wa Beni, ilishambuliwa usiku na waasi wa ADF. Majeneza 14 yaliagwa Dar es Salaam, na mengine yakavushwa bahari kuja kuzikwa huku Visiwani. Wakati huo kaka yako alikuwa bado JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi la huku Zanzibar, anajitolea bila mshahara, anasubiri nafasi. Nilimwambia, umeona? Akasema, nimeona, Mama. Na akaendelea kusubiri.

Kikosi cha SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, alichokwenda nacho kiliingia Kongo mwishoni mwa 2023, Tanzania pamoja na Afrika Kusini na Malawi, baada ya serikali ya Kongo kukataa kuendelea na jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hapo ndipo nilipoanza kuhoji. Sisi tumo Afrika Mashariki na tumo SADC. Rwanda, inayotajwa na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa kuwa nyuma ya waasi wa M23, ni mwenzetu katika Jumuiya. Kongo ni mwenzetu katika zote mbili. Ugomvi ule una ardhi ndani yake, una madini, una watu waliokimbia mauaji ya kimbari ya 1994 na watu waliowafuata, una watu wanaoulizwa uraia wao katika nchi waliyozaliwa. Askari elfu chache wangeumaliza vipi? Mimi niliona, na bado naona, kwamba nafasi ya Tanzania ilikuwa mezani, pale ilipowakutanisha wakuu wa Jumuiya zote mbili Dar es Salaam tarehe 8 Februari mwaka huu wa 2025. Tulikaa meza ile tukiwa tumeshafiwa. Goma, mji mkubwa wa mashariki ya Kongo, ilikuwa imeanguka mikononi mwa M23 mwisho wa Januari, na jeshi letu lilikuwa limetangaza vifo vya askari wetu wawili.

Hayo ni maoni yangu, na kaka yako hayakubali. Usisahau kulisema hilo unaponitetea. Alinipigia simu mwaka jana akaniambia, Mama, ungewaona wanawake wa Sake, hapa karibu na Goma, wanavyokimbia, godoro kichwani, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, wanatuita kwa Kiswahili, usingesema haituhusu. Sikuwa na la kumjibu. Bado sina. Nilichomwambia ni kwamba anaweza kuwa na haki kuhusu wanawake wale, na waliompeleka wakawa wamekosea kuhusu njia ya kuwasaidia. Akanyamaza, kisha akauliza kama mvua imenyesha.

Mwanangu, askari hachagui vita. Yeye alichagua jeshi, akaapa kutii. Hawezi kutoka kwenye gwaride akamwuliza mkuu wake kwa nini tunakwenda, kwa silaha gani, kwa muda gani, na tukizingirwa atakuja nani kututoa. Maswali hayo ametuachia sisi tulio nyumbani. Ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hiyo hapa Chukwani Baraza la Wawakilishi halina kauli juu yake, lakini tuna wabunge tuliowapeleka Dodoma, na tuna midomo. Nikinyamaza kwa kuwa mwanangu yuko huko, basi anayebaki kumwulizia ni nani? Mwenye mtu vitani ana haki ya kuuliza kuliko wote, na mwenzako anataka awe wa kwanza kunyamaza.

Wapo pia wanaosema kafuata dola. Nimelisikia hilo kwenye foleni ya mkate. Ndiyo, posho imo. Mke na watoto wawili wamo, na paa la nyumba lililobakia nusu limo. Nani anayekwenda kazini asifikirie mshahara? Haimwondolei utu wake, wala haimfanyi kuwa mtu wa kukodiwa.

Kuna jambo jingine nilitaka kuliruka. Wewe unajua kwamba mjomba wako mkubwa wa Micheweni alikaa miaka miwili hazungumzi na kaka yako kwa kuvaa sare. Januari 2001 Pemba watu walipigwa risasi katika maandamano, na wapatao elfu mbili wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mjomba alikuwa katika mashua mojawapo. Siwezi kumwambia mtu wa Pemba ampende kila mwenye bunduki, na sikuombi wewe ufanye hivyo. Ninaposema nasimama na kaka yako, sijasema kila atakalolifanya ni halali. Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ulitoa tuhuma za unyanyasaji wa wanawake dhidi ya baadhi ya askari wetu waliokuwa Mavivi, karibu na Beni. Siku alipokuja kuniaga nilimkalisha uwani nikamwambia: ukimdhulumu mtoto wa mtu huko, usitegemee mama yako atakuficha. Nitakuja kukuona gerezani, nitakuletea chakula, lakini sitakuficha. Aliinamisha kichwa akasema, sawa Mama. Mjomba wa Micheweni nilimpa habari ya mazungumzo hayo, na sikukuu iliyofuata alimtumia kaka yako salamu. Salamu tu, lakini alituma.

Unaniuliza basi kusimama naye ni kufanya nini. Mimi nafanya haya machache. Kila baada ya Alfajiri nasoma uradi kwa jina lake na kwa majina ya wenzake wawili aliowataja, mmoja wa Songea na mmoja wa Mwanza, ambao mama zao siwajui. Mke wake nampeleka kliniki mwenyewe, maana miguu imemvimba na ukipanda daladala peke yako na tumbo la miezi saba ni taabu. Akipiga simu simwambii paa linavuja. Simuulizi kama ameua mtu. Namuuliza wanakula nini, analala wapi, nani anachekesha kambini, na akitaka kusema zaidi nakaa kimya mpaka amalize, hata vocha ikiwa yangu.

Na barazani nasema ninachokiona. Juzi Alhamisi wakuu wa SADC wamekubaliana kukimaliza kikosi kile na kuwaondoa askari kwa awamu. Wanaume wa hapa nje walianza kubishana kama tumeshindwa au hatukushindwa. Niliwaambia hilo wajadili na waliotuma, wajadili sana, lakini vijana wakirudi nisisikie mtu akimwuliza mwanangu kama ameshindwa.

Hatujaambiwa atarudi lini. Nimeshamwambia fundi aje wiki hii amalize paa upande wa chumba chake, na ule mlango wa uwani unaobamizwa na kaskazi nataka atie kitasa kipya ufunge vizuri. Wewe ukija Idi niletee pazia zito la dirisha lake, liwe la rangi ya giza, upana futi sita.

Mama yako